Kila Mtoto na Jina Lake

AZIZA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

JAMAL: Usikate.

AZIZA: Nani?

JAMAL: Mdogo wako. Ama na mimi mmenifuta, kama mlivyofuta ushindi wangu?

AZIZA: Jamal. Hii namba ya nani?

JAMAL: Ya Patient, yule anayesafisha farasi wetu. Yangu hupokei tangu Jumapili.

AZIZA: Niko kazini, hospitali imejaa, nina wagonjwa hapa—

JAMAL: Salamu kwanza, dada. Tulilelewa.

AZIZA: Haya. Hujambo?

JAMAL: Ya wapi hiyo sijambo! Na crédit ya simu ya Patient ni ya kuombea dua, kwa hiyo nisikilize.

AZIZA: Kama ni habari ya mbio, mimi ni jaji, na jaji haongei na dereva juu ya uamuzi. Unajua.

JAMAL: Dereva! Unasikia unavyoniita?

AZIZA: Farasi wako alipiga shoti, Jamal. Mbio zetu ni za troti, farasi anavuta kigari kwa hatua za haraka bila kuruka. Farasi akianza shoti unamvuta, unampeleka pembeni, anarudi kwenye troti. Wewe ukaendelea—

JAMAL: Nilimvuta! Pieter alinikatia kwenye kona, gurudumu la kigari chake likampita Mirabelle puani. Farasi gani hashtuki? Nimevuta hatamu mpaka mikono imekufa ganzi.

AZIZA: Tuliangalia video.

JAMAL: Bon. Na ya Pieter mliangalia? Majuzi tu hapa, farasi wake amekuja shoti mpaka kwenye mstari, watu jukwaani wanacheka. Mkampa nini? Onyo! Akachukua maua yake akaenda kupiga picha. Mimi mnanitoa, na juu yake mnanifungia mwezi mzima.

AZIZA: Ile ya Pieter ilikuwa na shaka.

JAMAL: Kwake mnaona shaka, kwangu mnaona mchana kweupe.

AZIZA: Kila mbio ina—

JAMAL: Jumapili ni fainali! Unajua Lutgarde amesema nini? Mwenye farasi? Hawezi kuningoja, hatamu anampa Pieter. Pieter huyo huyo! Mirabelle nimemfundisha mimi, toka alipokuwa anaogopa hata ndoo ya maji. Akishinda na Pieter, basi, simpati tena.

AZIZA: Pole.

JAMAL: Pole kaa nayo. Nataka jambo moja. Mlikuwa majaji watatu mle chumbani. Nani alinitoa?

AZIZA: Mambo ya chumbani hayatoki nje.

JAMAL: Yametoka. Dirk ameniambia.

AZIZA: Dirk hawezi—

JAMAL: Dirk anastaafu, hana wa kumwogopa. Kanishika bega pale parking, anasema, "Mimi nilitaka uachwe." Eline akasema utolewe. Alors, alibaki nani, dada?

(laini ya simu inakwaruza)

AZIZA: Haloo? Haloo, sikusikii vizuri—

JAMAL: Unanisikia sana.

AZIZA: Nilibaki mimi.

JAMAL: Na siku ya Pieter?

AZIZA: Jamal—

JAMAL: Siku ya Pieter ulisema nini?

AZIZA: Aachwe.

JAMAL: Ya Rabbi.

AZIZA: Jiweke mahali pangu! Mimi ndiye mweusi wa kwanza kukaa pale, bado wananipima. Nikikuacha wewe, halafu siku moja wakajua—

JAMAL: Wakajua nini? Sema kwa mdomo wako.

AZIZA: Kwamba tumenyonya ziwa moja.

JAMAL: Ahaa! Wazungu wanaona wewe Kaneza, wanaona mimi Nduwayo, wanadhani hawa hata hawajuani. Hawajui kwetu Burundi kila mtoto anapewa jina lake, si la baba. Na wewe ukawaacha wadhani hivyo hivyo. Sheria si inasema jaji mwenye ndugu kwenye mbio atoke chumbani?

AZIZA: Unakimbiza farasi kila Jumapili! Ningetoka kila Jumapili? Wangeniweka pale nifanye nini?

JAMAL: Ndiyo ukabaki. Na mimi nakupita pale uwanjani, "Bonjour, Madame," kama nimekutana na mpita njia. Maman akipika kule kwake Evere tunakwenda kwa zamu, tusionwe tumeshuka tram moja. Nilikubali, dada. Nilifurahi hata! Nikasema, acha dada yangu apate heshima.

AZIZA: Najua.

JAMAL: Hujui kitu. Nyumbani Buyenzi nyama ulikuwa unagawa hivi hivi. Mgeni mnofu, jirani mnofu, Jamal mfupa, ili watu wakusifu, Aziza hapendelei. Nilikuwa na njaa mimi! Nikadhani nimeshakua, kumbe sahani ni ile ile.

AZIZA: Usinilize mbele ya watu, nakuomba.

JAMAL: Lia.

(mlango unafungwa mbali)

AZIZA: Uko wapi? Nasikia mwangwi.

JAMAL: Kwenye korido. Ofisi ya rufaa.

AZIZA: Rufaa yako ni leo?

JAMAL: Mlango uko mbele yangu.

AZIZA: Jamal... Utawaambia nini?

JAMAL: Ungependa niwaambie nini?

AZIZA: Kwamba Pieter alikukatia. Waombe waweke video zote mbili, yako na yake. Utashinda, wallahi.

JAMAL: Video hizo hizo nyinyi mliziangalia, mkaniona mimi peke yangu. Neno linalofuta uamuzi wote ni moja tu, na unalijua.

AZIZA: Ukilisema wananitoa leo leo. Kwa aibu. Sipandi tena pale.

JAMAL: Nisiposema, Mirabelle anakwenda na Pieter.

AZIZA: Nitaongea na watu, utapata farasi mwingine—

JAMAL: Mfupa mwingine!

AZIZA: Basi kwa ajili ya Maman. Itamuua hii.

JAMAL: Maman nilimwona asubuhi. Kaniuliza nani amenifungia. Nikamwambia, mzungu mmoja.

AZIZA: Ulimwambia hivyo?

JAMAL: Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako. Na nimeumia, dada. Sirudii.

(mlio wa kuonya kwamba crédit inaisha)

AZIZA: Ngoja, kata, nakupigia mimi! Usiingie kwanza, Jamal, tafadhali—

JAMAL: (kwa mtu wa pembeni) Oui, monsieur. Nduwayo, ni mimi. Nakuja... Pardon? Hapana, sina avocat wa kunitetea. Nilikuwa naongea na dada yangu.

AZIZA: Jamal!

JAMAL: (kwa mtu wa pembeni) Ndiyo, yuko hapa hapa Bruxelles. Tumbo moja. Mnamjua nyinyi, Aziza Kaneza. Jaji wenu.

AZIZA: Mdogo wangu—

JAMAL: Umesikia mwenyewe. Kwaheri, Madame.