Mwili Wangu Si Sugu

Manyunyu ya Lima yalikuwa yamelowesha benchi la kona, juu kule kilimani, kando ya mkokoteni wa Zoraida anayeuza emoliente, kile kinywaji cha moto cha shayiri na mitishamba. Nélida hakuwa amekaa hapo tangu TB sugu imlaze. Sasa daktari alishamwambia haambukizi tena. Alipofika, Casimiro fundi baiskeli, waliyemwita Bisibisi, na Hilario, ambaye kwa kupenda kubisha walimwita Wakili, wakasogea ukingoni. Nélida akaliona hilo. Akakaa katikati kabisa.

— Karibu, dada, alisema Wakili. Tunabishana hapa. Mimi nasema dawa za siku hizi ni chaki.

— Chaki wapi? Ni mwili, alisema Bisibisi. Ukiuzoesha vidonge unavidharau, kama mke wangu na kelele zangu.

— Basi ni ukungu huu. Vijidudu vinauvaa kama koti, dawa inateleza.

— Wewe nawe. Kuna watu wanavifuga, wanavipa mazoezi ya kijeshi.

Zoraida akacheka, akamjazia Nélida glasi.

— Lakini shoga, nani alikutuma uache dawa?

— Sijaacha hata kidonge, alisema Nélida. Na mwili wangu si sugu. Vijidudu ndivyo sugu. Dawa ikianza kazi, vile dhaifu vinakufa kwanza. Mtu akiona nafuu akaacha, vinabaki vile vikaidi, na ndivyo vinavyozaana. Mimi vilinifikia vikiwa vikaidi tayari. Kuna mtu alinikoholea.

— Nani? aliuliza Wakili.

— Sijui.

Bisibisi alikohoa kwenye mkono wa sweta. Mwaka jana naye alipewa vidonge vya TB kwenye kituo cha afya; ilipofika kanivali alikuwa akicheza barabarani, mnene, anang'aa. Sasa mifupa ya viganja ilikuwa imejitokeza.

— Casimiro, dawa zako ulizimaliza? aliuliza Nélida.

Bisibisi akaitazama glasi.

— Nilipona, bwana.

— Sijakuuliza hivyo.

Kitandani Nélida alikuwa amemwandalia mtu aliyemwambukiza matusi mazito, yeyote awaye. Aliyatafuta sasa, akaona hayamtoshi mtu aliyekonda namna hii. Akasimama.

— Inuka twende kituoni. Foleni tutakaa wote. Anayetaka kutukimbia atukimbie tukiwa wawili.

— Watanicheka.

— Mimi wamenicheka, na nipo.

Bisibisi akaweka glasi chini. Wakashuka ngazi pamoja, na kikohozi kilipombana Bisibisi, Nélida akamwambia azibe mdomo, ila mkono wake hakuuachia.