Radhi kwa Fundi wa Baridi

NGOWA: Haloo? Nani mwenzangu?

MWANAKUU: Ni Mwanakuu wa Mji wa Kale, mamake Yumna. Ndiwe Ngowa, fundi wa umeme wa lile duka jipya alimokuwa akifanya kazi?

NGOWA: Ndimi. Shikamoo, mama. Makiwa.

MWANAKUU: Marahaba. Tunayo, mwanangu. Sikusikia kuwa ulikuja maziko.

NGOWA: Nilikuja. Nilisimama pale — (mtandao unakwaruza) — pembeni.

MWANAKUU: Sikusikii vyema. Ngoja nitoke ukumbini, wanawake wanasoma hitima... Haya. Leo ni siku ya tatu. Nawapigia wote aliofanya kazi nao. Ada yetu waijua: maiti huombewa radhi kwa aliowakosea.

NGOWA: Yumna hakunikosea.

MWANAKUU: Alinambia mwenyewe. Alhamisi alikutukana mbele ya wateja.

NGOWA: Aliniita roho ya friji. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka.

MWANAKUU: Ulimi wake ule! Aliurithi kwa shangaziye. Lakini alijuta, Ngowa. Hospitalini, katikati ya maumivu, alisema, “Mama, yule ni mtu mwema. Ndiye aliyenifundisha swichi zangu.”

NGOWA: Mama —

MWANAKUU: Kazaliwa na selimundu. Baridi ilikuwa adui wa damu yake. Kazi tatu aliziacha kwa sababu hiyo. Hii aliipenda: kila mhudumu na swichi ya upepo wake, kila mhudumu na swichi ya taa yake. Siku ya kwanza alirudi akijigamba, “Mama, hali ya hewa yangu naipanga mwenyewe!” Sasa sielewi baridi ilimpatia wapi. Labda alisahau —

NGOWA: Hakusahau. Wakaguzi wa majengo ya kijani, yale yanayosifiwa kwa kutunza mazingira na watu wake, walipokwisha kuziona swichi zile, na cheti kikatundikwa ukutani, meneja aliniamuru nizifunge zote, baridi iwe moja kwa wote. Alisema wafanyakazi wanazichezea. Nikazifunga.

MWANAKUU: Zote?

NGOWA: Zote. Alhamisi alinijia akitetemeka. Sweta walimkataza, eti si sare. Aliniomba nimfungulie yake tu. Ilikuwa kazi ya dakika moja, mama. Niliogopa kufutwa kazi. Nikamwambia asubiri Jumatatu, meneja arudi.

MWANAKUU: Jumatatu tulimzika.

NGOWA: Ndiyo, mama.

(hitima inasikika kwa mbali)

NGOWA: Haloo? Mama, upo?

MWANAKUU: Nipo.

NGOWA: Mimi ndimi wa kuomba —

MWANAKUU: Nyamaza kwanza. Salio langu lakaribia kwisha, nami nimekupigia kwa haja ya mwanangu. Umemsamehe?

NGOWA: Nitamsameheje mtu ambaye mimi —

MWANAKUU: Litamke, Ngowa. Yumna hawezi kungoja mpaka haya zikutoke.

NGOWA: Nimemsamehe. Duniani na akhera.

MWANAKUU: Mungu akulipe.

NGOWA: Na mimi, mama?

MWANAKUU: Wewe... (mtandao unakwaruza) Nimeitafuta radhi yako kifuani hapa sasa hivi, mwanangu, sijaiona. Nikiipata nita —

(simu inakatika)