Shahidi wa Kitabu cha Masikioni

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukutani, kando ya mlango wa duka la misumari, bawaba na vitasa. Mwenye duka tunamwita Misumari. Benchi ni lake, ila wakaaji ni sisi. Yupo Waziri, aliyekuwa tarishi wizarani, na tangu astaafu anazijua siri zote za serikali. Yupo Daktari, anayetibu simu zilizotumbukia majini. Yupo Dada Birika, anayetuuzia kahawa na kutukata maneno. Na mimi fundi saa, ambaye kwa ubaya wa roho zao wananiita Saa Mbovu. Sasa, huu ni mwaka wa kumi na tisa kila Jumatatu Misumari anaandika notisi kwa mkono wake, ushauri kwa wenye biashara ndogondogo, anaibandika ukutani hapo nyuma ya benchi. Alhamisi hiyo asubuhi alitoka dukani na karatasi mbili, hakusalimia mtu, akaziweka mapajani mwa Daktari.

Daktari akasoma ya kwanza, iliyoandikwa kwa mkono: “Nimeambiwa nisiongee tangu jana ili sauti ipumzike. Leo saa nane wananirekodi. Nahitaji shahidi wa kutia saini hiyo karatasi nyingine.”

Hiyo nyingine ilikuwa ya kampuni ya vitabu. Wanazitaka notisi zote za Misumari wazigeuze kuwa kitabu cha kielektroniki, cha kusomwa kwenye simu, na kitabu cha kusikiliza, akisoma mwenyewe. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mtupu: shahidi athibitishe kwamba anayafahamu maandishi haya na kwamba ni ya mwandishi mwenyewe. Bila shahidi, hakuna kurekodi.

— Saini? — Waziri akaficha mikono kwapani. — Nimebeba mafaili ya serikali miaka ishirini na mbili. Karatasi yenye mstari mtupu chini ni shimo, ndugu zangu.

— Lakini anakuomba wewe, rafiki yake, — Dada Birika akasema huku akimimina.

— Ndiyo maana nakataa. Angekuwa adui yangu ningetia saini haraka, yampate yatakayompata.

Misumari akagonga saa yake kwa kidole. Ilikuwa saa tano kasoro.

— Mimi kinachonitia wasiwasi ni huku kunyamazishwa, — akasema Daktari. — Mtu mzima, baba wa watoto watano, anaambiwa asiseme siku mbili, naye anatii! Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Huyu kaacha kuvuma. Maana yake keshajazwa kitu.

Misumari akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Akachana kipande cha boksi la skrubu, akaandika maneno mawili matatu, akatunyooshea. Dada Birika akakipokea, akakiweka kwenye benchi bila kukisoma na kutua kikombe juu yake, maana Waziri alikuwa ameshaanza tena.

— Sauti ni ufunguo, jamani. Siku hizi sauti inafungua kila kitu. Watampigia mkewe: “Mama watoto, kuna mtu anakuja, mpe funguo za duka.” Mkewe atakataaje? Si sauti ya mumewe?

— Mkewe hampi hata yeye mwenyewe funguo, — nikasema.

— Cheka tu. Haba na haba hujaza kibaba. Leo wanachukua saa mbili za sauti, kesho wanachukua kikohozi, keshokutwa wana mtu mzima!

— Na hicho cha kwenye simu je? — Daktari akasogea mbele. — Kitabu cha karatasi unakisoma wewe. Cha kwenye simu ndicho kinakusoma wewe. Kinajua umefika ukurasa wa ngapi. Kinajua ulisinzia wapi.

— Kitajuaje nimesinzia?

— Umeacha kufunua. Kinatulia pale pale, kinakusubiri. Kitabu gani chenye heshima zake kinamsubiri mtu?

Hilo lilimgusa hata Dada Birika. Akaacha kumimina.

— Bado chenye afadhali ni hicho, — Waziri akasema kwa sauti ya chini, ile ya wizarani. — Ukimwona mtu na kitabu, unajua anasoma. Hiki cha masikioni, mtu anapita hapa na viwaya vyake, anatikisa kichwa, wewe unadhani anasikiliza muziki. Kumbe anamsikiliza Misumari! Anajifunza siri za biashara yetu mbele ya macho yetu!

— Yetu? — Dada Birika akauliza. — Wewe una biashara gani?

— Nazungumza kwa niaba ya taifa.

— Siri gani hizo zimebandikwa ukutani kwenye njia ya watu?

— Ndipo wahenga waliposema mficha uchi hazai. Misumari watoto watano anao tayari. Basi afiche!

Misumari akazunguka mbele ya benchi, akaweka kidole kwenye ule mstari mtupu, akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mtu wa kuuza misumari havai shati jeupe bila sababu. Nililiona hilo, nikaliacha lipite.

Kusema kweli na mimi sikubaki nyuma. Nilisema hivi:

— Wakishaipata sauti yake, wataitia kwenye kisanduku. Kisanduku kitakaa kaunta. Mteja akiuliza bawaba, kisanduku kinamjibu. Mteja akitaka kupunguziwa, kinakataa kwa sauti ile ile. Sasa huyu wa nyama atakuwa wa kazi gani? Na duka lisilo na mwenyewe litahitaji benchi la nini?

Hofu yangu yote ilikuwa hapo: niliogopa kupoteza pa kukaa. Rafiki yangu alikuwa na jambo lake la maisha mkononi, mimi nikaliwaza benchi.

— Haya, na akifa je? — Daktari akauliza.

— Yuko hai, amesimama mbele yako! — Dada Birika akamkemea.

— Nasema akifa. Ataendelea kuongea. Mjane anataka kuolewa, bwana harusi amekuja na watu wake, wameketi sebuleni, mara simu inasema: “Usimwamini mteja wa siku ya kwanza.” Nani ataoa kwenye nyumba hiyo?

Misumari akacheka bila sauti mpaka mabega yakaruka. Kisha akatazama saa, kicheko kikamwisha. Akaketi kwenye kizingiti, karatasi bado haijatiwa saini na mtu.

Hapo ndipo akaja mama mmoja, kikapu begani, bawaba iliyokatika mkononi.

— Hamjambo jamani. Natafuta pacha wa hii.

Misumari akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na bawaba mpya, akampa.

— Leo haongei?

— Ana mambo mazito, mama, — akasema Waziri. — Ya kitaifa.

Yule mama akaitumbukiza bawaba kikapuni, akatoa daftari la shule na kalamu, akasogea kwenye benchi.

— Samahani ndugu zangu. Ya wiki hii inasemaje? Migongo yenu imeifunika.

— Nini?

— Notisi. Ya wiki hii inasemaje?

Tukatazamana. Waziri akakohoa.

— Inahusu... bidii.

— Uaminifu, — akasema Daktari papo hapo.

— Bidii na uaminifu, — nikasema mimi, nikiona aibu kabla sijamaliza.

— Alhamisi leo, — yule mama akasema taratibu. — Imekaa hapo tangu Jumatatu, na nyinyi...

Hakumalizia. Alituomba tusimame, tukasimama, watu wazima na vikombe vyetu mkononi. Ukutani palikuwa na madoa matatu ya mafuta ya migongo yetu, na karatasi katikati, kona moja imekunjika kwa bega la Waziri. Mama akainyoosha kwa kiganja, akaanza kunakili. Alikuwa akiandika huku akitabasamu.

Misumari alimwangalia mpaka alipofunga daftari. Kisha akaichukua ile karatasi ya kampuni mapajani mwa... si mapajani, Daktari alikuwa amesimama nayo mkononi na hakujua aiweke wapi. Akaichukua, akampa yule mama, na kalamu juu yake.

Mama aliisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka chini. Hakuna kati yetu aliyeifanya kazi hiyo isipokuwa Daktari, naye alirukaruka.

— Kama nayafahamu? — akasema. — Nina madaftari manne nyumbani. Nilianza na beseni moja la nyanya, sasa nina meza mbili, na binti yangu anashika moja. Mume wangu hajui kusoma, namsomea jioni hadi koo linakauka. Kumbe itakuja ya kusikiliza?

Misumari akatikisa kichwa kukubali, macho yakimng’aa. Mama akatia saini.

— Hapa wanauliza uhusiano wangu na mwandishi. Niseme nini? Hata jina langu halijui.

Misumari akatandaza mikono. Mama akafikiri kidogo, akaandika: *msomaji*.

Yule mama alipoondoka, Misumari akafunga duka, akashika njia ya kurekodi, akitembea upesi na karatasi yake kifuani. Hakutugeukia. Hakutukasirikia pia, na afadhali angetukasirikia. Dada Birika akainua birika na kwenda kwa wateja wengine bila kuaga.

Tukabaki watatu tumesimama, nyuso ukutani, migongo barabarani.

— Saa Mbovu, — Waziri akasema. — Hebu isome kwa sauti.

— Si iko mbele yako?

— Naona weupe tu. — Ile sauti ya wizarani haikuwepo. — Herufi zilianza kunikimbia kabla sijastaafu. Sijamwambia mtu. Soma, na mimi nisikie.

Nikasoma:

“Watakuwepo watu watakaokaa mlangoni pako kila siku wasinunue kitu. Usiwafukuze. Mteja huogopa kuingia duka lisilo na watu. Tengeneza benchi, waketi. Mimi langu nilipigilia mwenyewe, na sijajuta.”

Daktari aliinamia kikombe chake. Waziri akaweka kiganja ukutani, pale pale palipokuwa na doa lake.

— Rudia hapo mwisho, — akasema.

Nikarudia.