Bi Rula na Bonde Aliloliacha Jeupe

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, Bi Rula, mchoraji ramani mkuu wa ofisi yetu ya msaada wa kisheria katika mambo ya ardhi, atafunga droo zake baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Mimi niliyekuwa mtunza majalada hapa, na niliyemtangulia kustaafu, nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake. Naomba radhi mapema kwa urefu wa sentensi zangu. Mapadre walionifundisha kuandika hawakuwa watu wa haraka.

Jina lake halisi limo katika barua ya ajira, na halijatumika tangu wiki yake ya kwanza, madereva walipomwona akiingia kantini na rula ya chuma kwapani. Hata mumewe akipiga simu ofisini huuliza kama Bi Rula yupo. Meza yake ni ile ndefu ya dirishani, chumba cha pili kushoto, ambako dari huvuja upande mmoja tu, na ni yeye peke yake aliyejua ni upi. Kikombe hakikuruhusiwa juu ya meza hiyo. Mkurugenzi wetu wa kwanza aliwahi kujisahau akatua chai yake juu ya karatasi za ramani. Bi Rula alikiinua kikombe kwa mikono miwili, akamkabidhi mwenyewe kwa adabu zote, kisha akaendelea kuchora. Hakuna aliyerudia.

Kwa faida ya wageni wetu, niseme kwamba ofisi hii huitetea jamii ndogo ya wenyeji wa msitu, watu wasiozidi elfu tatu, ambao mababu zao waliishi humo kabla sisi wengine hatujajua kuwa kuna msitu. Wanaishi kwa asali, mizizi ya dawa na bustani ndogo. Hati hawana. Wanapofukuzwa, huambiwa walete karatasi. Na kwa kuwa karatasi hazikuwapo, ilibidi mtu akae chini azichore.

Yanayofuata ningependa kuyaruka, lakini mhusika mwenyewe amenikataza. Aliniambia nikiandika mazuri matupu watu watadhani amekufa.

Katika mwaka wake wa tisa kazini alichora ramani ya kwanza ya msitu ule. Alipita bonde kwa bonde, akiuliza ni nani anayetumia mahali hapo. Walipofika bonde la magharibi walimjibu, tena kwa ukweli kabisa, kwamba hakuna. Wenyeji hao wana desturi ya kulipumzisha bonde kwa miaka kumi na zaidi: mizinga hushushwa, njia huachwa ziote majani, na anayeingia humo kabla ya wakati hujiletea aibu isiyosafishika. Hawakuona sababu ya kueleza jambo ambalo kwao kila mtoto analijua, naye hakujua kwamba lipo la kuuliza. Bonde akaliacha jeupe.

Miaka miwili baadaye kampuni moja ya mbao iliomba ipewe bonde hilo. Wakili wake aliitandaza mbele ya baraza la ardhi ramani yetu wenyewe, yenye mhuri wetu wenyewe, akaweka kidole juu ya ule weupe. Hakuwa na haja ya kusema mengi.

Ofisini ulitolewa ushauri, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wa walioutoa, kwamba tuseme mpiga chapa ndiye aliyekosea. Bi Rula alitusikiliza hadi mwisho, akatushukuru, akaenda barazani, akasimama.

"Kosa ni langu, si la wenyeji," alisema. "Niliuliza nani yupo. Sikuuliza bonde ni la nani."

Wakili alidakia kwamba basi mchoraji huyu haijui kazi yake. Bi Rula alikubali kwamba siku ile kweli hakuijua, akaomba apewe muda ajifunze. Baraza likaamuru bonde lisiguswe na upande wowote hadi uletwe ushahidi mpya. Yeye alipewa onyo la maandishi, nililoliweka jaladani kwa mkono wangu. Nilipojitolea kulipoteza, alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Hata hivyo, hukumu iliyomwingia zaidi ilitoka msituni. Alipokwenda kuomba radhi, mkunga wa jamii ile alimkaribisha kigoda, akamwacha anywe maji, ndipo akamuuliza:

"Mwanangu, mchana kitanda changu hakina mtu. Kwa hiyo si changu?"

Waliokuwapo walicheka, na yeye akacheka pamoja nao huku akijifuta machozi.

Kuanzia hapo, kwa miaka ishirini, alirudi kila kiangazi. Aliandika kila bonde linafunguliwa lini, zamu ni ya ukoo gani, mzinga wa mwisho ulishushwa na nani. Tena aliapa kutotia sahihi ramani yoyote kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wenye ardhi, mstari kwa mstari. Usomaji huo ulifanyika katika darasa la shule, na uliweza kuchukua siku mbili. Mzee mmoja aligoma mzinga wake kuwekwa upande wa shemeji yake: shemeji ameshamchukua dada yake, alilalamika, angalau mzinga amwachie. Mstari ulisogezwa. Naye dereva wetu, aliyekwama matopeni mara zisizohesabika kwa sababu ramani ilionyesha njia, humkumbusha hadi leo kwamba gari halipiti kwenye karatasi.

Mtaniwia radhi nikitaja jambo moja la nyumbani. Marehemu mke wangu alimwita wifi. Tulipomzika, Bi Rula alikaa jikoni kwetu siku tatu akiosha vyombo, na hakugusia habari za ofisi hata mara moja, ingawa wiki ile ile kesi ilikuwa ikisikilizwa.

Miezi miwili na siku kadhaa iliyopita baraza lilitoa uamuzi: bonde la magharibi ni mali ya wenyeji, liwe na watu au liwe limepumzishwa. Lakini uamuzi una sharti. Nguzo sitini na tatu za mpaka zisimikwe ndani ya siku tisini, la sivyo amri itakoma, na kampuni ina haki ya kuomba upya. Hadi ninapoandika, zimesimama arobaini na moja. Siku zilizobaki ni kumi na tisa, na mvua imeanza.

Mkurugenzi alimkumbusha kwa upole kwamba baada ya Ijumaa hatakuwa mtumishi wetu, wala hatakuwa na posho ya safari. Alijibu kwamba ameshaalikwa na mkunga, na mgeni halipwi posho.

Dada yetu, asante kwa miaka uliyotupa, na kwa ukweli uliousema wakati sisi tulipotaka kuuficha. Mungu akujalie afya, usingizi mtamu, na magoti ya kupandia vilima. Ndugu wasomaji, sherehe ya kumuaga Ijumaa hiyo itaanza saa tatu kamili asubuhi, na wasemaji wanaombwa wawe wafupi kuliko mimi. Nguzo ishirini na mbili zimekwisha kupakiwa, na gari litaondoka saa sita naye akiwa ndani.