Pima Injini Ikiwaka

Fundi: Haloo? Shikamoo, Baba.

Dada: Si Baba, ni mimi dada yako. Yangu imekwisha chaji, natumia simu yake.

Fundi: Mbona inakwaruza hivyo? Mmeshafika hospitali?

Dada: Hatujafika. Gari limegoma hapa nje ya kiwanda cha matofali. Injini inanguruma tu, nikiweka D haliendi. Lilianza kuteleza kule mlimani, mara linavuta, mara—

Fundi: Mara kama umeweka gia huru.

Dada: Hivyo hivyo. Na kifua cha Baba kimezidi. Nimemlaza kiti cha nyuma. Napunga mkono, hakuna anayesimama. Naogopa, mdogo wangu.

Fundi: Anaongea?

Dada: Anaongea. Ananifundisha kuendesha.

Fundi: Basi bado ni yeye. Sikiliza. Hapo ulipo ni tambarare?

Dada: Tambarare.

Fundi: Usizime injini. Vuta breki ya mkono. Kanyaga breki, upitishe gia zote polepole mpaka ya mwisho, kisha urudi P. Halafu fungua boneti.

Dada: Ngoja— [injini inanguruma] Baba anasema nizime kwanza. Oili haipimwi gari likiwaka.

Fundi: Hiyo ni ya injini. Ya giaboksi ya otomatiki inapimwa ikiwaka.

Dada: Anasema ameendesha malori wewe hujazaliwa.

Fundi: Malori ya gia za mkono. Mwambie leo aniachie, kesho atanisema mpaka achoke.

Dada: [anacheka kidogo] Anasema kesho ni mbali.

Fundi: ...Boneti iko wazi?

Dada: Iko wazi. Naona stiki ya njano.

Fundi: Achana nayo. Tazama nyuma yake, kwa chini, upande wa kioo. Kuna nyingine imejificha.

Dada: Yenye kishikio chekundu?

Fundi: Hiyo. Ichomoe, ifute kwa kitambaa kisafi, irudishe mpaka mwisho, uichomoe tena. Unanipata?

Dada: Unakatika— nakupata. [chuma kinakwaruza] Hakuna kitu.

Fundi: Hakuna vipi?

Dada: Kavu. Nchani kuna tone jeusi, linanuka kuungua.

Fundi: Futa, pima tena.

Dada: Kavu vilevile. Lakini asubuhi ilikuwa imejaa, niliiona kwa macho yangu. Baba alipima mwenyewe, mkono mmoja kifuani, hakukubali kupanda mpaka apime. Mimi nilitaka tuite teksi. Akasema teksi ya nini, gari lina oili tele.

Fundi: Alipima injini imezimwa.

Dada: Imezimwa. Si unamjua.

Fundi: Ikizimwa, oili yote inarudi chini, stiki inakuonyesha imejaa. Ikiwaka ndiyo inapanda kwenye kazi yake, unaona ukweli. Nilimwambia, dada, juzi tu nilimwambia, akanijibu—

Dada: Punguza sauti, atakusikia.

Fundi: Mpe simu niongee naye.

Dada: Baba. [mlango unafunguliwa] Baba, mwanao huyu hapa.

[kimya kirefu]

Fundi: Haloo? Dada?

Dada: Nipo.

Fundi: Amesemaje?

Dada: Amelala.

Fundi: Si sasa hivi alikuwa anabishana?

Dada: Amelala.

Fundi: Amechoka. Mwache apumzike. Sasa, usije ukamimina oili ya injini humo, utaliua kabisa. Simamisha gari lolote, hata mkokoteni, akimbizwe—

Dada: Limesimama moja. Lori la mchanga.

Fundi: Afadhali. Mpandishe, mimi nitawakuta huko huko.

Dada: Nimemwambia dereva aende zake.

Fundi: Umemwambia...

[mkwaruzo]

Dada: Unanisikia?

Fundi: Nakusikia. Mbona siisikii injini?

Dada: Nimeizima.

Fundi: Nilikwambia usizime. Dada, nilikwambia. Haya, si kitu. Nina makopo mawili ya oili ya giaboksi hapa, ile nyekundu. Nachukua pikipiki ya bosi. Nikikatiza nyuma ya soko, nikikimbiza—

Dada: Usikimbize.

Fundi: Tutamimina kidogo kidogo, tunapima, tunamimina—

Dada: Barabara ina mashimo. Njoo taratibu, mdogo wangu. Uvae helmeti.

Fundi: Usiniambie hivyo.

Dada: Salio lake linalia, simu itakatika. Mpigie Mama wewe. Au subiri, usimpigie. Tutakwenda wote.

Fundi: Dada, niambie niwahi.

Dada: ...

Fundi: Niambie tu niwahi. Haloo? Haloo—