Moyo Una Vyumba Vinne

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni, lakini polepole, kuta za hapa Manfuha ni nyembamba. Amina. Kwa wasionijua, mimi ni Mama Mwende. Nafanya kazi ya nyumbani kule Jeddah, Al-Hamra, na leo niko Riyadh kwa sababu madam amekuja kumsalimia dada yake, akanipa Ijumaa nzima. Hilo peke yake ni ushuhuda, lakini siyo niliokuja nao.

Nimekuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya binti yangu. Mnisamehe nikimsifu na yeye kidogo. Nikizidisha, Baba Mwende atanivuta gauni.

Mwende alikuja kuishi na baba yake hapa Riyadh akiwa na miaka kumi na miwili. Baba yake ni fundi wa magari, gereji yao iko Al-Sulimaniyah, na ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ilimruhusu kukaa na mtoto. Ikama ikakubali, shule zikatushinda. Za Kiarabu hangezielewa, za Kiingereza ada yake hatukuiweza. Basi nikasema, kwani mimi nilimaliza kidato cha nne ya nini? Nitamfundisha mwenyewe!

Ndugu zangu, nilimfundisha kwa simu. Napiga pasi kanzu za bosi, simu iko juu ya rafu, narekodi: leo tunasoma usagaji wa chakula. Kitabu chake anacho yeye, changu nimekificha chini ya taulo. Madam ananiita, yalla, nakimbia, narudi, naendelea nilipoachia. Yeye anasikiliza, anafanya mazoezi, ananitumia picha nisahihishe. Miaka sita hivyo! Mitihani akaifanya kama mtahiniwa binafsi, akapita vizuri. Nilivimba kichwa. Nikajiita mwalimu mkuu. Wanawake wenzangu wa Al-Hamra wanajua nilivyowachosha.

Kisha ikaja fomu. Chuo cha uuguzi kule Kenya kilitaka matokeo, na pia ripoti za shule zenye muhuri na sahihi ya mwalimu mkuu. Aliyesomea nyumbani alete kumbukumbu za masomo yake na barua ya mwalimu wake. Kumbukumbu! Sauti zangu zote tulikuwa tumezifuta, maana simu zilijaa kila wiki. Na hiyo barua niandike nini? Mwalimu wake anasugua vyoo? Mwalimu mkuu akanywea. Niliona aibu, ndugu zangu, na aibu ikanifundisha uongo.

Kuna mtu hapa mtaani anachonga mihuri. Msitazamane, mnamjua. Nilimpigia. Akasema, "Halas, yamekwisha, dada, wewe niambie jina la shule tu." Nikabuni jina zuri sana la shule ambayo haipo duniani, nikamwagiza Baba Mwende akachukue ripoti Alhamisi. Niliomba hata Mungu aubariki ule muhuri! Hebu fikirini.

Mwende akapata habari. Hakunigombeza, mtoto huyu hagombezi mtu. Aliniandikia, "Mum, kabla baba hajaenda Manfuha, naomba usome hizi." Zikaanza kuingia picha za madaftari, yale makubwa ya jalada gumu. Kila somo nililorekodi alikuwa ameliandika lote, tarehe na mada. Na pembeni, kwa kalamu ya kijani, maneno madogo. Nikakaza macho. "Mum amesema moyo una vyumba vitatu. Kitabu kinasema vinne. Mum amechoka, ni Ramadhani, wageni ni wengi. Nitamuuliza Ijumaa kama swali."

Nikakaa juu ya kapu la nguo. Swali lile nililikumbuka! Aliniuliza vyumba vya moyo ni vingapi, nami nikafungua kitabu, nikamjibu vinne kwa madaha, tena nikamwambia awe makini. Awe makini, yeye! Ukurasa baada ya ukurasa, kijani. Miaka sita mtoto alinisahihisha, na hata siku moja sikuhisi nimesahihishwa. Nikalia, nikacheka, madam akaja mlangoni kuuliza kuna nini, "Esh fi?" Nikamwambia mafi, madam, hakuna kitu.

Lakini vita bado ilikuwa ndani yangu. Yale madaftari ndiyo kumbukumbu zilizotakiwa na chuo, na kuyapeleka ni kupeleka ujinga wangu wote usomwe na wasomi. Muhuri ungenificha. Nikapiga magoti katikati ya kanzu, nikasema, Bwana, kiburi hiki kichukue wewe, mimi kimenishinda. Nikampigia Baba Mwende asiende. Ndipo nikaandika kwa Kiingereza: Mwalimu, mama yake mzazi. Kazi, mfanyakazi wa nyumbani. Makosa yaliyomo ni yangu, masahihisho ni ya mwanafunzi. Madam mwenyewe alinichapia barua ile kwa mashine yake. Aliisoma, akanitazama, akanipa kalamu yake nzuri nitie sahihi. Tukaituma chuoni pamoja na picha za madaftari.

Mwende akahojiwa kwa video. Baba yake alijibanza nyuma ya mlango, ndiye aliyenisimulia. Walimuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu wake kosa lile papo hapo. Akajibu, "Alikuwa amesimama tangu alfajiri. Kosa lile lingeweza kungoja Ijumaa. Ingekuwa ni dawa ya mgonjwa, ningempigia saa hiyo hiyo." Mama mmoja kati yao akavua miwani, akaipangusa. Baada ya wiki mbili barua ikaja: amekubaliwa! Haleluya! Mungu wetu ni mwema!

Ndugu yangu, dada yangu, kama kuna muhuri umeagiza mahali ukufiche, mpigie leo yule uliyemtuma, arudi. Mpelekee Bwana daftari lako kama lilivyo. Mimi alinipokea na vyumba vyangu vitatu. Mtumaini, hatakuaibisha.

Sasa Mwende yuko chuoni. Jumatatu iliyopita alinitumia sauti ya dakika tano: "Mum, leo tumefundishwa moyo, sikiliza." Nilipiga pasi huku nikimsikiliza, kisha nikaandika yote kwenye daftari langu jipya la jalada gumu. Kalamu ya kijani pia nilinunua. Mpaka leo sijapata pa kuitumia.