Dena wa Karisa Walikuwa Wawili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kitako na Garama na ndugu zake, maana leo tunamkumbuka mama yao, Kahonzi wa Karisa, msuka makuti wa Muyeye, hapa Malindi. Tumemzika Jumamosi. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, imemuua. Naye aliiona ikija.

Ilianza kwao zamani. Babu yake alikufa akishindwa kumeza hata uji. Baba yake vivyo hivyo. Kisha ndugu yake mdogo. Watatu, wasikilizaji. Watatu.

Mwaka 1984 walikuja watafiti kuchukua damu. Walitaka kujua kama ugonjwa huu hurithiwa. Ukoo uliopoteza watu watatu ungechunguzwa umio kila mwaka, ili ugonjwa ukamatwe ungali mchanga. Kahonzi aliweka makuti kando, akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Jamaa walioogopa sindano aliwatania: "Mbu wa Muyeye wanawanyonya kila usiku, mbona hao hamwakimbii?"

Watafiti waliporudi, walisema ukoo wake umeachwa. Eti waliokufa ni wawili.

Mwajua, kwa Wagiriama mtoto hupewa jina la babu. Babu alikuwa Dena wa Karisa. Baba, Karisa wa Dena. Ndugu mdogo, tena Dena wa Karisa. Wasomi wale wakawafanya Dena wote mtu mmoja.

Kahonzi alimwambia mkuu wao, "Mwanangu, Dena ni wawili. Mmoja alinibeba mgongoni. Mwingine nilimbeba mimi."

Mkuu akacheka, akasema hesabu imeshafungwa. Imeshafungwa! Na makaburi yako pale pale, nyuma ya nyumba. Hakuinuka kitini kwenda kuyatazama.

Mwaka huu tonge la sima lilimkwama Kahonzi. Hospitalini akaambiwa amechelewa. Amechelewa vipi, yeye aliyetangulia kunyoosha mkono?

Garama alisimulia matangani: "Mama alikuwa akiwauliza wauguzi kila asubuhi, wale watu wa damu wamerudi?"

Pole, Garama. Poleni, ukoo mzima wa Dena. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki tujiulize: damu yetu ikishachukuliwa, nani atatudaia majibu?

Nanyi watafiti, damu ya Kahonzi bado mnayo. Mkirudi Muyeye mtamkuta binti wa Garama, aliyepewa jina la bibi yake. Anaitwa Kahonzi. Huyo yu hai. Msimhesabu kaburini.